Meru na Embu: Magofu Yasiyo na Kuta

Sisi watu wa Pwani tuna kasoro moja ambayo ni heri niikiri mapema kabla msomaji hajanisuta. Tukisikia neno magofu, mawazo yetu hukimbilia Gede, Takwa, Manda na Pate. Twaona ukuta wa matumbawe, kibla cha msikiti usio na paa, na mbuyu uliomea katikati ya nyumba ya mtu. Pasipo chokaa twadhani hapana khabari.

Mimi ni mzaliwa wa Amu. Nilipokuwa mtoto wa chuoni tulivushwa kwa mashua hadi Takwa, katika kisiwa cha Manda, pamoja na watu wa Shela waliokwenda kuzuru kaburi la mnara na kuomba mvua. Kaburi lile limeandikwa mwaka 1094 wa Hijra, ambao ni kama 1683 kwa hesabu ya Miladi. Mwalimu wetu alitusimamisha mbele ya kibla, akatueleza kwamba Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika nchi tutazame waliotutangulia waliishia vipi. Kwa miaka arubaini na zaidi nilidhani agizo lile nimelitimiza siku ile ile, kwa safari moja ya mashua.

Basi mhariri aliponiambia niandike juu ya mambo ya kale ya Meru na Embu, nilicheka. Nchi ile naijua kwa chai, kahawa, ndizi na miraa. Nilimwuliza, "Mkulima ana magofu gani?" Akanijibu, "Nenda ukaone." Nikaazima koti zito, nikapanda basi.

KIJISITU CHA MWENENDEGA

Mji wa Embu si wa kale. Ulianza mwaka 1906, baada ya Waingereza kuwashinda Waembu kwa bunduki na kuweka kituo chao pale. Nililala usiku mmoja, na asubuhi nikashika njia ya Runyenjes. Kahawa imejaa kila upande wa barabara, na juu yake, mawingu yakipenda, waona Mlima Kenya, ambao Waembu wauita Kirinyaga na Wameru wauita Kirimara.

Karibu na Runyenjes kiko kijisitu kiitwacho kwa jina la Mwenendega. Waembu husimulia kuwa Mwenendega alikuwa mtu wa peke yake. Siku moja alimkuta mwanamke penye maji, jina lake Nthara, akamwoa, na kutokana na nyumba yao kikatoka kizazi cha Waembu. Masimulizi kama haya yalikusanywa na mwanahistoria H. S. K. Mwaniki kutoka vinywani mwa wazee, na mwaka 1973 kikachapishwa kitabu chake cha historia ya Embu na Mbeere hadi 1906.

Nilifika pale nikitazamia angaa jiwe moja lililochongwa. Sikuliona. Palikuwa na miti mikubwa, kivuli na ubaridi, na ndege wengi kuliko wote niliowasikia njiani. Shamba la kahawa limekuja hadi ukingoni, na kutoka mstari wa mwisho wa mibuni hadi mti wa kwanza wa kijisitu ni hatua moja tu.

Mama mmoja aliyekuwa akichuma kahawa aliniona nimesimama nimeduwaa.

"Unatafuta nini, baba?"

"Natafuta nyumba ya Mwenendega," nikamjibu.

"Si hiyo umeitazama?" akasema. Kisha akaongeza, "Sisi hata kuni hatuokoti humo. Lakini watoto wetu walioko Nairobi wanauliza kwa nini ardhi nzuri namna hii imelala bure."

Maneno yale niliyaandika daftarini bila kuyapima uzito, na uzito wake nilikuja kuuona baadaye. Nchi hii ardhi yake ni dhahabu. Ilikuwa Embu, Meru na Kisii ambako serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1930, iliwaruhusu Waafrika kwa mara ya kwanza kujaribu kulima kahawa, zao lililokuwa la walowezi. Kuanzia miaka ya 1950 mashamba yakapimwa, yakaunganishwa na kupewa hati. Tangu hapo kila kipande kina mwenyewe na bei yake. Mahali ambapo mali yake yote ni heshima ya watu huwa pana wakati mgumu mbele ya kamba ya mpima ardhi.

MASHIMO YA WAGUMBA

Nikavuka mto Thuci, mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi, nikapita Chuka hadi Mwimbi. Huko kijana mmoja mwenyeji wangu alinipeleka shambani kwa mjomba wake kunionyesha shimo. Lilikuwa bonde dogo la duara, pana kama chumba, limefukiwa nusu kwa udongo, na ndani yake imepandwa migomba iliyostawi kuliko mingine yote ya shamba lile.

"Hapa walikaa Wagumba," akasema.

Kote pembezoni mwa Mlima Kenya utasikia khabari za Wagumba. Walikuwa watu wafupi, wawindaji, walioishi ndani ya mashimo yaliyoezekwa, na waliokuwapo kabla ya jembe kufika. Wakulima walipofyeka misitu, Wagumba wakatoweka. Wengine husema walikufa, wengine husema waliingia katika koo za wakulima kwa kuoana.

Kwa muda mrefu wataalamu waliyaona haya kama hadithi za kulalia watoto. Kisha mwanaakiolojia wa Kifini, Ari Siiriäinen, akachimba mahali paitwapo Gatung'ang'a, upande wa Nyeri, na mwaka 1971 akachapisha maelezo ya alichokiona: vigae vya vyungu na athari za watu wa zama za chuma. Mambo ya Wagumba hayakumalizika kwa uchunguzi ule, lakini ilijulikana kuwa chini ya hadithi pana udongo wa kuchimbwa.

Yule kijana akaniambia kwamba mjomba wake ana nia ya kulifukia kabisa shimo lile, kwa sababu ng'ombe huanguka humo. Nikamwuliza kama pamewahi kufika mtu wa makumbusho. Akasema mtu wa kwanza kuliulizia ni mimi.

Hapo nikakumbuka kitabu cha Orde-Browne, mtawala wa kikoloni aliyekaa na watu wa Chuka, Mwimbi, Embu, Mbeere na Tharaka. Alikichapisha mwaka 1925, na jina la kitabu kwa Kiswahili lingekuwa Makabila ya Kenya Yanayotoweka. Miaka mia imepita, na makabila aliyoyaaga bado yapo, yanachuma kahawa na kupeleka watoto shule. Kinachotoweka ni alama za chini, kama shimo lile.

NYUMBA YA MAWE HATIMAYE

Nilipofika mjini Meru nilikuwa na hamu ya mawe kama mtu mwenye hamu ya chumvi. Nikaenda kwenye Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Na hapo, msomaji, nikaliona jengo la mawe, la zamani, kuta nene. Moyo wangu ukatulia. Nikamwuliza mtu wa pale jengo hili ni la karne gani.

Akatabasamu. "Hili lilikuwa ofisi ya D.C.," akasema. "Lilijengwa 1916. Ndilo jengo la mawe la kale kuliko yote mjini hapa."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimepigwa na swali ambalo nisingeweza kulikwepa. Ikiwa historia ni mawe, basi historia ya Meru inaanza na ofisi ya Mwingereza, na watu waliolima milima hii kabla yake hawakuwa na khabari. Nami, bila kukusudia, ndivyo nilivyokuwa nikiamini tangu nilipopanda basi.

MZEE WA NCHIRU

Siku ya pili nilikwenda Nchiru, katika nchi ya Tigania, palipo na ukumbi wa Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko hapo hapo Nchiru, hata wanafunzi wenye vitabu na wazee wenye bakora hupishana njia moja. Sikuomba kuingia katika mambo yao ya ndani, maana kila nyumba ina pazia lake. Mzee mmoja, ambaye umri wake kwa kumkadiria wazidi miaka themanini, alikubali kukaa nami nje chini ya mti.

Nikamwamkia kwa neno moja la Kimeru nililofundishwa njiani, "Muga!" Akaitikia kwa furaha, kisha akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi.

"Natoka Amu, mzee wangu."

Akaniangalia kwa muda. "Basi unatoka Mbwaa," akasema.

Akanisimulia. Hapo zamani Wameru walikaa Mbwaa, mahali penye bahari. Wakaja watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, wakawatia utumwani. Wakawapa kazi ngumu, kisha wakawapa mitihani isiyowezekana ili wapate sababu ya kuwaua. Waliambiwa walete kiatu chenye manyoya ndani na nje. Wazee wakakata ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe. Waliambiwa watoe tunda lililodondoshwa ndani ya shimo refu bila kulishika; wakamimina maji shimoni hadi tunda likaelea juu. Mwisho wakatakiwa kuleta mkuki unaogusa mbingu. Hapo wakajua hakuna jibu ila kuondoka.

Kiongozi wao Koomenjue akawatoa usiku. Walipofika penye maji makubwa akayapiga kwa fimbo, maji yakaachana, watu wakapita. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limekwisha toka wakaitwa Njeru, weupe. Mafungu hayo matatu ya koo yanajulikana hata leo.

Nilisikiliza nikiwa nimeacha kuandika. Alipomaliza akauliza, kwa upole kabisa:

"Hao Nguo Ntune walikuwa babu zako?"

Nilianza kujitetea kama wakili. Nikamwambia huenda walikuwa Waarabu wa Omani, walioiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Nikasema huenda walikuwa Wareno waliokuwako kabla yao. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Sikuulizi ulipe," akasema. "Nauliza kama kule kwenu pia mnasimulia."

Sikuwa na jibu. Kwetu Amu tunasimulia vita vya Shela, tunasimulia masharifu, majahazi, na fahari ya Pate. Watu waliovuka maji usiku wakikimbia hatuwasimulii. Kama isemwavyo, mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mtendewa alipanda milima na hadithi yake kinywani, na mtenda akabaki na kuta.

JE, NI KWELI?

Msomaji atauliza, na ana haki: hadithi hii ni kweli? Wako waliosema imefanana mno na ile ya Nabii Musa na Firauni, na kwamba huenda iliingia kwa njia ya wageni. Wako pia wanahistoria walioshuku kwamba watu wa nyanda za juu walitoka pwani kweli. Upande wa pili, Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyewahoji wazee wa Kimeru na kuchapisha vitabu mwaka 1976 na 1993, aliona kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, na akakisia kuwa safari ilianza karibu na mwanzo wa karne ya kumi na nane.

Mimi si mtaalamu, lakini maji yale nimekulia ndani yake. Baina ya Manda na bara pana mkondo uitwao Mkanda, uliozungukwa na mikoko. Nahodha yeyote wa Amu atakwambia usiupite ila maji yamejaa, kwa sababu yakipwa hata mashua ndogo hukwama. Maji hupwa kwa muda wa saa sita hivi, kidogo kidogo, kisha hurudi kujaa. Umati wa watu wenye wazee, watoto na mifugo ukipita hapo hauwezi kupita kwa mara moja. Wako watakaopita gizani, na wako watakaosubiri maji yapwe tena asubuhi. Na neno pwani lenyewe latokana na huko kupwa. Mzee alipotamka Mbwaa, sikio langu lilikuwa karibu kusikia Pwani. Huu si ushahidi wa mahakamani, ni sikio la mtunga mashairi tu.

Liko jambo jingine. Takwa ilihamwa karibu na mwaka 1700, na watu wake wakahamia Shela. Upande mwingine wa Manda uko mji wa kale zaidi, ambao Neville Chittick aliuchimba kuanzia 1966 na kuuandikia kitabu kilichotoka 1984. Mji ule ulikuwa umestawi tangu karne ya tisa, na kingo zake za baharini zilijengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe. Nimeyaona mawe yale mara nyingi. Sikuwahi kujiuliza yalibebwa na nani.

Hata kama Mbwaa si Manda, hesabu haijafutika. Utumwa katika mwambao wetu ulipigwa marufuku mwaka 1907 tu. Mashamba ya bara mkabala na Amu yalilimwa na watumwa katika karne ya kumi na tisa, na hilo halihitaji hadithi ya fimbo iliyopasua bahari ili lithibitike.

Ajabu ni kwamba kiungo baina yetu tulikuwa nacho rafuni. H. E. Lambert, aliyekuwa D.C. wa Meru katika miaka ya 1930 na kuandika juu ya wazee na ardhi yao, ndiye Lambert yule yule tunayemjua kwa utafiti wake wa lahaja za Kivumba, Chijomvu na Chichifundi, na ambaye diwani yenye jina lake ilichapishwa 1971. Mtu mmoja aliwasikiliza watu wa mlimani na watu wa baharini. Sisi wenyewe hatujaketi kusikilizana.

KIPI KIBAKI

Kabla ya kuagana, mzee alinikatia kifungu cha miraa. Mimi si mlaji, lakini nilikipokea kwa mikono miwili, maana huo ndio uungwana. Akaniambia kwamba katika vilima vya Nyambene iko miti ya miraa ya kale sana iitwayo mbaine, iliyopewa jina la rika la zamani, na kwamba anayekata mti kama huo ni kama aliyempiga babu yake. Nikatambua kuwa nimekuwa nikipita ndani ya magofu tangu Runyenjes. Mmeru na Mwembu hawakuandika juu ya mawe. Waliandika kwa mti uliokatazwa kukatwa, kwa shimo lililoachwa wazi, kwa jina la rika na kwa jina la ukoo. Ukuta wa Takwa utasimama hata asipokuwako wa kuueleza. Kijisitu kikikosa mwenye kukieleza, mwaka wa pili ni kuni, wa tatu ni kahawa.

Wala si kwamba haiwezekani. Ndugu zetu Wamijikenda walikuwa katika hatari iyo hiyo. Kuanzia 1992 makaya yao yakaanza kutangazwa kuwa mali ya taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikayaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mlima Kenya wenyewe umo katika orodha hiyo tangu 1997, kwa ajili ya theluji na misitu yake. Vijisitu vya chini, vilivyozungukwa na mashamba, pia vyahitaji hati na mlinzi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 ipo. Kwanza watu waende wakaandike: mahali, mpaka, jina, na msimulizi, kabla msimulizi hajafukiwa pamoja na shimo lake.

Na sisi wa Pwani tuna deni letu. Niliporudi Amu nilivuka tena hadi Manda, safari hii na wajukuu wawili. Nikawaonyesha kibla na kaburi la mnara kama nilivyoonyeshwa. Kisha nikawaketisha kwenye kivuli nikawasimulia Mbwaa, Nguo Ntune, kiatu chenye manyoya ndani na nje, na watu waliovuka usiku. Mdogo akauliza walikwenda wapi. Nikamwonyesha upande wa bara. Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea mzee wa Nchiru: sasa twasimulia.

Jioni ile, mashua ikirudi, nilitunga ubeti mmoja, nao ni huu:

Nilidhani ni ukuta, mawe na chokaa yake,
Kumbe mti ukiota, nao una siri zake,
Mkulima hakuata, ela kumbukumbu zake,
Mwenye kuukata mti, avunja gofu la kwao.